Nane kwa Arobaini na Mbili

Muuza darubini huulizwa swali moja kabla hata ya bei: "Inaona mpaka wapi?" Naye, kwa kuwa hataki mteja aondoke hivi hivi, hujibu bila kusita. "Hii? Kilomita kumi, bosi. Ile kubwa pale, ishirini." Mteja anaichukua ile kubwa, anaielekeza kwenye ghorofa la ng'ambo ya barabara, madirisha yanamjia usoni, anatoa fedha.

Swali lile halina jibu, na aliyejibu anajua. Darubini haina mpaka wa kuona, na jicho tupu pia halina. Mtoto aliyekaa kibarazani usiku wa mwezi mpevu anaona kitu kilicho umbali wa kilomita 384,000, tena anaona na madoa yake, lakini mtoto huyo huyo hawezi kusoma namba ya daladala iliyoegeshwa mita 200 kutoka hapo alipo. Umbali haumzuii. Kinachomzuia ni udogo wa zile herufi machoni pake na uchache wa mwanga unaomfikia kutoka kwenye kibao. Kwa hiyo kila darubini ya maana hubeba namba mbili, zimechapwa karibu na lenzi za macho au kwenye bawaba ya katikati: 8x42, 10x50, 7x50, 8x25. Ya kwanza inahusu ukubwa, ya pili inahusu mwanga. Wanunuzi wengi huisoma ya kwanza tu, na biashara yote ya darubini mbovu imesimama juu ya mazoea hayo.

Tuanze nayo, maana ndiyo rahisi. Nane maana yake kitu kinaonekana kama kimesogezwa karibu mara nane. Chui amelala juu ya tawi la mgunga, mita 400 kutoka barabara ya Seronera katikati ya Serengeti. Kwa darubini ya mara 8 utamwona kama ambavyo ungemwona kwa macho matupu ukiwa mita 50 kutoka chini ya mti. Kwa mara 10, unakuwa mita 40. Kwa mara 12, mita 33 na ushee. Zitazame vizuri hesabu hizo. Mara nane za mwanzo zimekuvusha mita 350. Mbili zilizoongezwa juu yake zimekupa mita kumi, na mbili nyingine hazikufikisha hata saba. Anayelipa bei ya juu kutoka 8 kwenda 12 ananunua mita 17, na kama tutakavyoona, analipia mita hizo kwa vitu vingine ambavyo haviandikwi kwenye risiti.

Cha kwanza ni utulivu. Mkono wa binadamu hautulii, hata wa mtu shupavu. Moyo unapiga, pumzi inapanda na kushuka, misuli inachoka. Darubini haichagui cha kukuza: ikimkuza chui mara 12, na ule mtetemo wa mikono inaukuza mara 12. Kwa watu wengi mara 10 ndio mwisho wa kushika kwa mikono mitupu. Zaidi ya hapo picha inarukaruka, na jicho linalofuata kitu kinachorukaruka huona machache kuliko lile lililotulia kwenye picha ndogo. Ndani ya gari la watalii mambo ni magumu zaidi, kwa sababu injini ikiwa inaunguruma kila bati la gari linatetemeka na wewe umeliegemea. Ndiyo maana dereva mzoefu akifika kwenye chui huzima gari bila kuambiwa, na abiria anayejua kazi yake huegemeza viwiko kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa au huweka mfuko wa maharage chini ya mirija.

Cha pili ni hewa. Ifikapo saa sita mchana ardhi ya mbuga imeshapata moto, na hewa iliyo juu yake inapanda kwa mawimbi. Mazigazi hayo huonekana hata kwa macho. Swala wa mbali anakuwa kama amesimama majini, miguu inakatika na kuungana. Darubini yenye nguvu zaidi inakuza na mawimbi hayo. Utakuwa na swala mkubwa anayechemka. Hakuna lenzi, hata ya bei ya pikipiki, inayoweza kunyoosha hewa iliyokwishapinda njiani. Dawa ni kuamka mapema.

Cha tatu, nacho ndicho kinachowaudhi watu bila wao kujua jina lake, ni uwanja wa kuona. Kadiri unavyokuza ndivyo kipande cha dunia unachokiona kinavyopungua. Kwenye darubini nyingi za 8x42 utakuta pameandikwa kitu kama 135m/1000m. Huo si umbali inaofika, ingawa wauzaji wengi huusoma hivyo. Maana yake ni kwamba ukitazama mahali palipo mita 1,000 kutoka kwako, utaona upana wa mita 135 kwa mara moja. 10x42 ya daraja hilo hilo itakupa kama mita 110. Mita 25 zilizopungua si kitu ukimtazama tembo amesimama. Lakini kwa ndege mdogo ndani ya majani, anayeruka kutoka tawi hadi tawi kila sekunde mbili, mita hizo ndizo zinazoamua kama utamwona au utabaki unazungusha mirija huku jirani yako anasema, "Pale, pale, juu ya lile jani kavu."

Galileo aliijua adha hiyo kabla yetu sote. Darubini yake ya mrija mmoja, aliyoelekeza angani kati ya 1609 na 1610, ilikuza kama mara 20, lakini uwanja wake ulikuwa mwembamba mno hata mwezi mpevu haukuenea wote kwa pamoja. Alilazimika kuutazama vipande vipande.

Sasa namba ya pili, ambayo ndiyo sababu ya kuandika sura hii. Arobaini na mbili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Pima kwa rula, kioo chenyewe bila fremu. Kazi ya kioo hicho ni kukinga mwanga, na mwanga hukingwa na eneo, si kipenyo. Kwa hiyo lenzi ya milimita 50 haikusanyi mwanga maradufu ya ile ya 25; inakusanya mara nne. Na ile ya 42 ikilinganishwa na ya 32, ambazo kwenye meza zinakaribia kufanana, inaizidi kwa zaidi ya theluthi mbili.

Mtu akisikia hivyo hukimbilia kusema: basi nipe kubwa kuliko zote. Asubiri. Mwanga uliokingwa mbele lazima utoke nyuma na uingie kwenye mboni ya jicho lako, na mboni ina ukubwa wake.

Chukua darubini yoyote, inyooshe mbali na uso kwa urefu wa mkono, ielekeze kwenye anga jeupe (si kwenye jua, kamwe), kisha tazama zile lenzi za macho. Katikati ya kila moja utaona kiduara cha mwanga kinachoelea. Huo ndio mwanga wote wa darubini, umebanwa ukawa fungu moja tayari kuingia jichoni. Upana wake hupatikana kwa kugawa namba ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni milimita 5.25. 42 kwa 10 ni 4.2. 50 kwa 7 ni 7.1. 25 kwa 10 ni 2.5. Nikiambiwa nichague namba moja tu ya kuijua kuhusu darubini nisiyoishika mkononi, ningechagua hiyo isiyoandikwa popote, inayopatikana kwa kugawa.

Mboni ya mtu mzima kwenye jua kali hujibana mpaka milimita 2 au 3. Gizani kijana hufungua mpaka 7 hivi. Umri ukisogea mboni hukaza. Mtu wa miaka 60 mara nyingi hafikishi zaidi ya 5, na wengine hawafiki hapo. Sasa linganisha. Saa saba mchana, mboni yako ikiwa na milimita 2.5, umeshika 8x42 inayotoa kiduara cha 5.25. Mwanga mwingi unaishia kwenye ile rangi ya kahawia inayozunguka mboni na hauingii. Sehemu ya lenzi ya mbele inayokufanyia kazi ni 2.5 mara 8, yaani milimita 20 za katikati. Nyingine 22 umezibeba shingoni bure. Mwenzako mwenye 8x25 ndogo inayoingia mfukoni mwa shati, kiduara chake ni milimita 3.1, anaona mwanga ule ule unaouona wewe. Hili huwakera walionunua kubwa, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Siyo bure kabisa, nikubali. Kiduara kikiwa kipana kuliko mboni, jicho linapata nafasi ya kucheza; ukisogeza kichwa kidogo, picha haikatiki. Kikiwa chembamba, lazima mboni ikae palepale, na kwenye gari linaloyumba au kwenye mikono ya mtoto utaona weusi unaingia na kutoka pembeni. Ndiyo maana 8x42 huonekana "tulivu" hata mchana, na darubini ndogo za mfukoni huchosha macho baada ya robo saa.

Nafasi ambapo namba ya pili hulipa deni lake ni kwenye mwanga haba, na hapa pwani kuna mahali pazuri pa kuliona hilo kwa siku moja. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake, kwenye vichaka vilivyosongamana, analala mchana kutwa bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi urefu wa kiganja na vidole vyake, rangi yake ile ile ya tawi alilokalia. Huko jua la nje halisaidii. Mboni yako inajifungua, na hapo ndipo 8x25 inaposalimu amri: picha inakuwa ya kijivu, huwezi kutenganisha manyoya na gamba la mti. 8x42 bado inakupa rangi. Na kwa kuwa bundi yuko hatua chache tu mbele yako, ukuzaji mkubwa hauna kazi. Tena darubini nyingi za mara 10 na 12 hazikubali kuona kitu kilicho karibu kiasi hicho, zinabaki na ukungu hata ukizungusha kigurudumu mpaka mwisho. Umbali wa karibu kabisa ambao darubini inaweza kukamata nao huandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Wachache huusoma.

Toka msituni, vuka barabara ya Malindi, shuka mpaka hori la Mida. Maji yamekupwa. Kwenye tope lililoachwa wazi wametapakaa ndege wa pwani, wengine wamekuja kutoka Siberia, wadogo, wa kijivu, wanaofanana wote, nao wako mita 300 au 500 mbele na hakuna namna ya kuwasogelea. Mwanga ni wa kumwaga. Hapa ile 8x42 iliyokuheshimisha msituni haikutoshi, na wala 12x haikutoshi. Waongozaji wa huko husimamisha darubini ya mrija mmoja juu ya miguu mitatu, yenye kukuza mara 20 mpaka 60, na hapo ndipo utaona mdomo umepinda juu au chini. Kilomita chache zimetenganisha mahali hapo pawili.

Ziko darubini za 8x56, nzito, nzuri, za fahari. Zimetengenezwa kwa ajili ya wawindaji wa Ulaya ya kati, wanaokaa juu ya dungu wakingoja nguruwe-mwitu machweo. Kiduara chake ni milimita 7. Kule Berlin mwezi Juni, baada ya jua kuzama, mwanga wa machweo hukaa dakika 50 hivi kabla ya giza kuanza kushika, kwa hiyo mwindaji ana muda wa kuitumia. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama wima. Kati ya kuzama na giza ni kama dakika 21 mpaka 24. Zaidi ya hayo, magari ya utalii kwenye hifadhi nyingi hutakiwa yawe yamerudi kambini jioni. Kununua 8x56 kwa safari za huku ni kubeba milimita 14 za kioo juu ya zile 42 kutwa nzima kwa ajili ya dakika ishirini, na kama umeshavuka miaka 50, mboni yako huenda isizipokee hata hizo.

Baharini hesabu hubadilika tena. Manahodha na wanamaji karibu dunia nzima wamekaa na 7x50 kwa miongo mingi. Saba ni ndogo, na ndiyo inayotakiwa, kwa sababu chombo kinayumba na picha ya mara 10 haishikiki. Kiduara cha milimita 7.1 maana yake hata wimbi likikurusha, jicho halitoki nje ya mwanga. Na usiku, kwa baharia kijana, kila chembe ya mwanga wa boya inaingia. Nyingi hazina kigurudumu cha katikati. Kila jicho hurekebishwa lake mara moja, kisha kila kitu kuanzia mita kadhaa kwenda mbele kinabaki wazi.

Darubini hiyo hiyo ya baharini ndiyo ningemshauri mtu anayetafuta hilali. Jioni ya tarehe 29 ya Shaabani watu hupanda juu ya nyumba na kwenda ufukweni kutazama magharibi. Kama kuona kwa darubini kunatosha au sharti jicho tupu, hayo ni ya masheikh. Mimi nina la kusema juu ya vioo tu. Mwezi mwandamo ni uzi. Unene wake mara nyingi uko chini ya kile ambacho jicho linaweza kukitenganisha, yaani kama sehemu moja ya 60 ya digrii, na umezungukwa na anga ambalo bado lina mwanga wa jua. Ukikuzwa mara 7 uzi ule unapata unene. Na kwa kuwa hujui uko wapi hasa, unahitaji uwanja mpana wa kupekua: digrii 7 za 7x50 ni upana wa miezi 14 ikipangwa sambamba, wakati kwa mara 20 ungekuwa unachungulia anga kupitia tundu la ufunguo. Mambo mawili huharibu kazi. Moja ni kuanza kabla jua halijazama lote. Lenzi zilizokusanya mwanga wa jua huunguza jicho kabla hujapata nafasi ya kufumba. Jingine ni kusahau kurekebisha kabla. Mwezi mwembamba usio kwenye fokasi hauwi na ukungu tu, hauonekani kabisa. Rekebisha kwanza kwa jahazi lililo mbali kwenye upeo, au kwa Zuhura kama iko, kisha usiguse tena.

Kwa nyota, 10x50 ndiyo ya wengi. Novemba na Desemba, jioni, Kilimia hupanda mashariki. Kwa macho wengi huhesabu nyota sita. Kwa 10x50, ukiwa umeegemea ukuta, zinakuwa makumi, na kundi zima linaenea ndani ya uwanja na nafasi inabaki. Siku nyingine elekeza kwenye Mshtarii na uegemee vizuri zaidi. Utaona vitone pembeni yake vimejipanga karibu mstari mmoja, na kesho vimebadilisha nafasi. Ila kaa gizani kama nusu saa kwanza bila kufungua simu, mboni zifunguke na jicho lizoee.

Turudi dukani, kwa sababu pale kwenye kabati la kioo kuna darubini ndogo, nyekundu kwenye lenzi, imeandikwa 60x60, na chini yake maneno ya kuahidi kuona usiku. Usigombane na muuzaji. Omba rula. Pima lenzi ya mbele: tuseme umepata milimita 35, basi "60" ya pili imeshaanguka. Sasa inyooshe mbali na uso uangalie kiduara. Ingekuwa kweli inakuza mara 60, kiduara kisingefika hata milimita moja, na picha ingekuwa giza kama jioni. Kiduara chake ni kama milimita 4. Gawa 35 kwa 4: inakuza mara 9 hivi, au 8. Huenda ni darubini ya kawaida isiyo mbaya sana iliyobandikwa namba za uongo, na ukiinunua kwa bei ya 8x35 hujaonewa.

Wapo wajanja zaidi wanaoweka lenzi kubwa mbele kisha wanaiziba kwa pete ndani ya mrija, ili uone kioo kipana lakini mwanga mwingi ukatwe njiani. Hapo rula ya mbele pekee haitoshi. Njia ya uhakika ni ukuta wa matofali au paa la bati. Tazama kwa jicho moja ndani ya darubini na jingine nje yake, macho yote wazi. Itachukua muda kidogo mpaka picha mbili zipandane. Kisha hesabu: tofali moja lililokuzwa linafunika matofali mangapi ya kawaida kwenye mstari mmoja? Yakiwa nane, hiyo ni mara 8, hata kama kibandiko kimeandikwa 100.

Kuhusu ule wekundu wa lenzi, kioo kinachong'aa nyekundu kinarudisha mwanga mwekundu nje badala ya kuupeleka jichoni, na picha yake huelekea kwenye kijani na bluu. Huuzwa kama pambo. Lenzi nzuri ukiitazama kwa pembeni inaonekana karibu nyeusi, ina kivuli hafifu cha kijani au zambarau tu. Huo ni utando mwembamba uliopakwa ili kioo kisiakisi. Kioo kitupu hupoteza karibu asilimia 4 ya mwanga kila unapovuka uso mmoja, na ndani ya darubini nyuso ni nyingi. Zikiwa 12 bila utando, asilimia kama 61 tu ndiyo hufika. Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss ndiye aliyebuni utando huo mwaka 1935, na leo darubini iliyopakwa vizuri kila uso hupitisha zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo 8x32 nzuri inaweza kuishinda 8x42 mbovu kwa mwanga, na hapo namba za kwenye bawaba zimefika mwisho wa uwezo wake wa kukusaidia. Hazisemi lolote juu ya kioo.

Hazisemi pia juu ya prizimu, vile vipande vya kioo ndani ya mirija vinavyogeuza picha isimame badala ya kuwa kichwa chini miguu juu. Wazo la mirija miwili ni la zamani sawa na darubini yenyewe: Hans Lipperhey alipoomba hati ya uvumbuzi Uholanzi mwaka 1608, wakubwa walimtaka atengeneze ya macho mawili. Lakini ilibidi kungoja Mwitaliano Ignazio Porro na prizimu zake za 1854, kisha Ernst Abbe na Zeiss mwaka 1894, ndipo ikawa kifaa kifupi cha kushika mkononi. Zile zenye mabega mapana, lenzi za mbele zikiwa zimetanuka kuliko za macho, ni za Porro. Zenye mirija iliyonyooka ni za aina nyingine, ngumu zaidi kutengeneza, na kwa bei ya chini, zile za Porro kwa kawaida huonyesha vizuri zaidi. Kwa mtu mwenye fedha kidogo ningesema chukua mabega mapana.

Mvaa miwani ana jambo lake. Atafute umbali wa jicho usiopungua milimita 15, yaani nafasi kati ya lenzi ya nyuma na jicho ambayo bado uwanja wote unaonekana. Chini ya hapo miwani itamzuia kusogea na ataona katikati tu ya picha. Anapojaribu dukani, akunje zile pete za mpira au azizungushe mpaka chini.

Na kama darubini ni ya mitumba, au ya kurithi, na inakuchosha kichwa, kabla ya kuilaumu irekebishe. Fumba jicho la kulia, zungusha kigurudumu cha katikati mpaka la kushoto lione maandishi ya mbali wazi kabisa. Fumba la kushoto, na bila kugusa kigurudumu, zungusha pete ndogo ya lenzi ya macho ya kulia mpaka na hilo lione. Fungua yote mawili. Bana au tanua mirija mpaka miduara miwili iwe mmoja. Kama bado unaona picha mbili zilizopandana vibaya, mirija imepinda kwa kuangushwa, na fundi wa kuinyoosha ni adimu. Kama imekaa sawa, tia alama ya kalamu pale pete ya kulia iliposimama, kwa sababu ukimwazima mtu atazame, kitu cha kwanza atakachokizungusha ni hiyo.